Kama Ubao Utabeba

Juzi kijana mmoja wa ofisini kwetu alinijia mezani na swali. Ana kompyuta ya bei nafuu nyumbani, amepata prosesa yenye nguvu zaidi kwa rafiki yake, na anataka kujua kama mazabodi yake, ule ubao mkuu wa ndani, itaibeba. Ni swali la kawaida, na mimi nalipwa mshahara kwa kujibu maswali ya aina hiyo. Unasoma jina la mazabodi na toleo lake, unafungua ukurasa wa walioitengeneza, unaangalia kama prosesa hiyo imo, mambo yamekwisha. Lakini nilimjibu kwa ukali. Nilimwambia aiache mashine yake ilivyo, kila mtu aridhike na alichonacho. Akaondoka amenywea. Baadaye nilimfuata kumwomba radhi, nikasingizia kuumwa kichwa. Kichwa hakikuwa kinauma hata kidogo. Swali lake niliwahi kulisikia nikiwa mtoto wa darasa la tatu, kule Matongo, na nyumba yetu nzima ilikuwa imekaa inasubiri jibu.

Mliokulia huko wakati dhahabu imepamba moto hamna haja ya kuelezwa. Karasha zilisaga mawe tangu alfajiri, na vumbi lake jeupe lilikaa juu ya migomba mpaka mvua inyeshe. Njia ya kwenda shule ilipita katikati ya mashimo, na tulijua lipi ni la nani kama tulivyojua ng'ombe wa majirani. Wageni walikuja kutoka kila upande na lugha zao, wakapanga vyumba, wakaoa, wengine wakazikwa bila ndugu zao kupata habari. Watu wa mjini wakitaja dhahabu huwa wanazungumzia pete na mikufu. Mimi nakumbuka tope, kelele na matanga.

Baba yangu alikuwa mchomaji. Wachimbaji walimletea unga wa mawe uliokwisha kuoshwa, yeye akauchanganya na zebaki kwenye beseni, akausugua kwa mikono mitupu, kisha akaukamua kwa kitambaa mpaka likabaki donge dogo la kijivu. Donge hilo aliliweka kwenye kijiko kikubwa juu ya mkaa, nyuma ya jiko la mama. Zebaki ilipaa, dhahabu ikabaki. Mimi nilikaa pembeni nikipepea mkaa, maana ilikuwa raha kuona kile kijivu kinageuka njano. Hakuna aliyetuambia kwamba kinachopaa kinaingia vifuani mwetu. Mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka, na asubuhi ulimi wake ulikuwa mzito. Kwa akili zangu za utoto nilidhani wachomaji wote hutetemeka hivyo kwa sababu wanashika vitu vya thamani. Nilimwonea fahari. Nilijaribu hata kumuiga, nikashika kikombe cha uji kwa mkono wa kutetemeka, na mama akanizaba kofi ambalo sikulielewa.

Sifa yake kubwa baba ilikuwa kutambua dhahabu ya kweli. Matapeli walikuwa wengi, na kulikuwa na yale mawe yanayong'aa bure yanayowapumbaza wageni, na vipande vya bati vilivyopakwa rangi. Baba hakubishana na mtu. Alidondosha zebaki kidogo kwenye sahani, akakiweka kile kitu juu yake. Kikishikwa na kuwa cheupe, ni dhahabu. Kikibaki kinang'aa vilevile, mwenye nacho achukue chake aende. "Zebaki haina undugu," alikuwa akisema, na watu wazima waliondoka wameridhika hata walipokuwa wamepata hasara. Kwetu sisi watoto hakukuwa na kipimo kingine duniani.

Kaka yangu Mwita alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na kati yetu mama alikuwa amezika wengine. Mwita alianza kushuka shimoni akiwa bado hajaota ndevu vizuri. Alisifika kwa kuweka magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Siku moja ukuta ukaporomoka upande ambao haukuwa na magogo, ukamfunika rafiki yake ambaye walitahiriwa siku moja. Mwita alitolewa akiwa hai, udongo umejaa masikioni. Mama alimsubiri mlangoni na Biblia, akamwapisha kwamba hatashuka tena. Aliapa. Akanunua kompyuta iliyotumika kwa mtu wa Sirari aliyekuwa anafunga duka lake, akafungua kibanda pale senta, akawa anawaingizia wachimbaji nyimbo na filamu kwenye simu zao.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mzuri. Mama aliimba akichambua mboga. Kisha mtu mwingine akafungua kibanda upande wa pili wa barabara na mashine mpya. Filamu ilikuwa lazima ibadilishwe kwanza ndipo ikae kwenye simu, na kwa Mwita mtu aliacha simu asubuhi akarudi jioni akaambiwa bado. Kule ng'ambo mteja alimaliza soda yake, kazi imekwisha. Utamlaumu nani? Wakati huohuo mikono ya baba ilizidi kuharibika. Alimwaga dhahabu ya mtu kwenye majivu, wakaitafuta pamoja mpaka wakachoka, na habari hizo zikatembea. Wateja wake wakaanza kwenda kwa wachomaji wengine. Nyumba ikabaki inamtazama Mwita.

Wenzake wa shimoni nao hawakumsahau. Walipita nyumbani siku moja, wamejaa vumbi, wakakataa hata kukaa.

"Mura, tuna nafasi ya mtu wa magogo," mkubwa wao alisema, akimwita kijana kwa lugha ya kwetu. "Tumefika penye mwamba mzuri. Tutakungoja, lakini si sana."

"Nina kazi yangu," Mwita alijibu.

"Ile ya nyimbo?"

Walicheka bila ubaya wowote. Mama alikuwa jikoni akisikia kila neno, na siku hiyo ugali uliungua.

Ndipo Mwita alipoamua kwenda kwa fundi Odongo, huko Nyamisangura. Nilikwenda naye kwa sababu nilikuwa na jino la kung'olewa hospitalini. Tulipanda bodaboda, mimi katikati, kaka nyuma amekumbatia kompyuta iliyoviringishwa blanketi, na kila tulipopita kwenye shimo la barabara aliikinga yeye, mimi nikajishikilia mwenyewe. Fundi alikuwa mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, na meza yake ilijaa redio zilizopasuliwa na vitone vya lehemu.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba. Kaa hapo, usiguse kitu." Akafungua kava, akaguna. "Mura, hii mashine unaihifadhi kwenye gunia la unga?"

"Ni vumbi la karasha, fundi. Nataka kubadilisha prosesa, niweke yenye nguvu."

"Wote mnasema hivyo. Mtu anaona prosesa imeingia kwenye tundu lake anadhani mambo yameisha. Kuingia ni kitu kimoja, kubebwa ni kitu kingine." Alipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea, akagonga kwa kucha ule ubao mkubwa wa kijani ambao kila kitu kimechomekwa juu yake. "Hii ndiyo mazabodi. Ya kwako ni ya bei nafuu. Unaviona hivi vidude vya mraba? Hivi ndivyo vinavyoilisha prosesa umeme. Mazabodi ya ghali inavyo vingi, ya kwako inavyo vichache. Ukiweka prosesa mlafi, vinaungua."

"Kwa hiyo haitabeba?"

"Sijasema hivyo. Tuliza roho."

Alisoma jina la ubao lililochapishwa kwa herufi ndogo, na pembeni yake namba ya toleo, akaziandika kwenye kiganja chake kwa kalamu, akavuka barabara kwenda kwenye duka la intaneti. Tulimsubiri. Mwita alikuwa ameshika goti langu badala ya la kwake, na kwa jinsi alivyolibana nilisahau kwamba jino lilikuwa linaniuma. Fundi aliporudi alikuwa anatafuna karanga.

"Una bahati ya mtende," alisema. "Huo ubao ni toleo la pili. Lile la kwanza lingekataa. Wa kwako utabeba, ila si kila prosesa. Usichukue ile kubwa kabisa, chukua ya kati, nitakuandikia jina. Na usije ukaing'oa hii ya zamani huko nyumbani. Lazima kwanza niufundishe ubao kuitambua hiyo mpya, na wakati naufundisha ya zamani iwe ndani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, fundi. Utabeba."

Alirudia neno hilo njia nzima. Kufika nyumbani hakungoja hata nishuke vizuri. "Mama, fundi amesema ubao utabeba!" Mama hakujua ubao ni kitu gani. Alikuwa amesimama na ungo wa mtama. Aliuweka chini, akakaa palepale kwenye vumbi, akafunika uso kwa khanga. Mimi nilidhani amekasirika kwa sababu tumechelewa.

Prosesa yenyewe ilitafutwa na mama mdogo Gati, mdogo wake mama, aliyeolewa Isebania na kufanya biashara zake pande zote mbili za mpaka. Alikuja nayo mchana mmoja, ameiviringisha kwenye sponji ndani ya kopo la mafuta ya kupikia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Tulijua kuku atachinjwa. Mwita alikuwa kibandani bado. Baba akalitoa lile kopo mikononi mwa shemeji yake, akavaa miwani, akafungua.

Nilisogea kuona. Ilikuwa kidude cha mraba, kidogo kuliko kipande cha sabuni, na upande wa chini kilikuwa na miguu mingi sana, myembamba kama sindano. Miguu yote ilikuwa ya dhahabu. Baba aliisogeza karibu na miwani. Sisi tumeishi na dhahabu miaka yote, lakini hatukuwahi kuiona imepangwa mistari namna ile.

"Gati," aliita. "Umenunua kwa nani?"

"Kwa fundi wa hapo kwetu, shemeji. Nimezunguka hadi miguu ikaniuma. Ni ile tu Mwita alisema, hata jina ni hilo. Amesema iko poa."

"Amesema. Mpakani kila mtu anasema. Mtoto wangu ameweka maisha yake hapa, halafu auziwe bati lililopakwa rangi?"

"Shemeji, hiyo si kitu ya kuchoma!"

"Sichomi. Naiuliza tu."

Aliingia ndani akatoka na kile kichupa cha dawa alichowekea zebaki. Akadondosha kidogo kwenye sahani. Mama alisimama mlangoni, mikono imejaa manyoya ya kuku. Baba aliishika prosesa kwa vidole viwili, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliona mikono yake imetulia, kwa jinsi alivyojikaza. Akaigusisha kona moja kwenye zebaki. Miguu ya kona ile ikapoteza rangi yake ya njano, ikawa myeupe.

"Imekubali," baba alisema. Sauti yake ilikuwa imejaa machozi. "Ni dhahabu ya kweli. Hawakumdanganya."

Nilipiga makofi. Mama mdogo naye akapiga kigelegele, hofu yote imemtoka. Baba aliipangusa kwa kitambaa chake cha kukamulia, taratibu, akairudisha kwenye sponji kama anamlaza mtoto. Nakumbuka nilimpenda sana siku ile. Baba yangu, ambaye alikuwa akikicheka kibanda cha nyimbo, alikuwa amekiombea kibanda hicho baraka kwa njia pekee aliyoijua.

Mwita alifika tukiwa tumekwisha kuandaa chakula. Baba mwenyewe alimkabidhi kopo. Kaka aliitoa prosesa, akaigeuza, na tabasamu lake likasimama njiani.

"Huku pembeni mbona pamekuwa peupe?"

"Nimeithibitisha," baba alisema. "Nimeiuliza kwa zebaki mbele ya mama yako mdogo. Ni halali. Sasa unaweza kulala usingizi."

Lazima niseme jinsi tulivyolelewa. Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba amekosea, na mbele ya shemeji yake ndiyo kabisa. Mama alitufundisha hilo kabla hatujajua kuhesabu: baba yako akipotea njia, mfuate, mtarudi wote. Mwita alimtazama mama. Mama akatazama chini. Kaka akasema, "Asante, baba," akakaa, akala. Baada ya chakula nilimkuta nyuma ya nyumba ameiinua prosesa kwenye mwanga wa jua, anapitisha uzi wa kushonea katikati ya miguu ile myeupe, mstari baada ya mstari, akipuliza. Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anaifuta vumbi.

Siku ya kwenda kuibadilisha baba alisema anakwenda pia. Alivaa koti la kanisani. Na kwa kuwa alikuwa na furaha, mimi nilipolia kidogo tu nikachukuliwa. Pale kwa fundi Odongo aliketi kwenye benchi la mlangoni, mikono juu ya magoti, akaulizwa habari za ng'ombe akajibu kama mtu mwenye ng'ombe wengi.

Fundi alianza na kuufundisha ubao, kama alivyosema. Aliiwasha kompyuta na prosesa yake ya zamani, akaingiza programu yake, mashine ikazima ikawaka tena yenyewe. "Umekubali," alisema. "Huu ubao sasa unaijua hiyo mpya kwa jina. Leteni." Mwita akampa kopo. Fundi alikuwa anazungumza na baba huku anatoa ya zamani na kuweka mpya, na taa yake ya mezani ilikuwa imefifia siku hiyo kwa umeme mdogo. Akafunga feni juu yake. Akaweka kidole kwenye swichi.

"Mzee, sema sala."

Baba alivua kofia kweli. Feni ikazunguka. Nikaona Mwita anafungua mdomo kucheka, kisha ndani ya kava kukasikika mlio kama wa kijiti kinachovunjika, ukatoka moshi mwembamba wenye harufu ya nywele zilizoungua, feni ikasimama. Fundi aling'oa waya. Akairudisha prosesa ya zamani, akawasha. Kimya. Akajaribu tena, akabadilisha hiki na kile, jasho linamtoka. Kimya. Ubao ulikuwa umekufa, na prosesa zote mbili, mpya na ya zamani, hazikuwa na pa kukaa.

Aliichukua ile mpya akaisogeza karibu kabisa na macho. Aliigonga kidogo juu ya meza. Kutoka kwenye miguu yake kikaanguka kitone kidogo sana kinachong'aa, kikabingirika katikati ya vitone vingine vilivyojaa mezani. Mimi nilikiona. Nilidhani ni lehemu.

"Nani ameigusa hii?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Fundi, ubao umeshindwa," Mwita alisema.

"Ubao? Ubao hauna—"

"Ni wa bei nafuu, fundi. Umeshindwa kubeba. Si ndiyo?"

Fundi Odongo alimtazama kaka yangu. Akamtazama yule mzee kwenye benchi, koti la kanisani, kofia mkononi, mikono imeanza tena. Kisha akaweka kidole gumba juu ya kile kitone.

"Ndiyo," alisema. "Ubao umeshindwa. Pole sana, mzee wangu."

Baba alisimama, akavaa kofia yake, akatoka barabarani. Njiani kurudi, pikipiki ilipopunguza mwendo kwenye kilima, nilimsikia akisema, "Ungenunua ubao wa maana, Mwita." Na kaka akajibu, "Ndiyo, baba."

Mama alikuwa amesimama barabarani. Aliliona lile blanketi jinsi lilivyobebwa, chini ya kwapa, bila kukumbatiwa, akageuka akaingia ndani. Wiki hiyohiyo Mwita alirudi shimoni. Mama alimkumbusha kiapo, akamlilia, akamwambia tutakula mizizi. Kaka alimjibu kwamba Mungu anaona na njaa pia. Aliondoka na taa yake ya kichwani, na mimi nikamkimbilia kumpa ndizi ya kuchoma aliyoisahau.

Alifanya kazi mpaka masika. Mvua ilinyesha mfululizo, udongo ukalowa, na mchana mmoja tukiwa darasani tulisikia karasha zote zimezimwa. Kila mtoto wa kule alijua maana ya kimya kile. Tulitoka bila kuruhusiwa, tukakimbia kila mtu kwao. Magogo aliyoyaweka Mwita yalishika. Wenzake walisema hata yeye mwenyewe yangemwokoa kama asingerudi ndani, pasipo na magogo, kumvuta mwenzake. Walimleta amelazwa juu ya mlango uliong'olewa kwenye kibanda chake mwenyewe, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Nilimwona mguu. Sitaandika zaidi ya hapo, na waliowahi kuona hawahitaji niandike.

Baba hakulia mbele za watu. Siku ya tatu ya matanga alikwenda nyuma ya jiko, akamwagia maji ule mkaa, akakichukua kichupa cha zebaki akakitupa chooni. Hakuchoma tena dhahabu maisha yake yote. Watu walisema mikono imemkataa, nami nikaamini hivyo.

Mimi nilikuwa na adui mmoja tu. Kompyuta ilikuwa imewekwa kona ya chumba cha Mwita, bado kwenye blanketi. Waombolezaji walipopungua nilichukua mchi wa mama, nikaifungua, nikaanza kuupiga ule ubao kwa nguvu zangu zote. Niliupiga kwa kuwa ulikuwa wa bei nafuu. Niliupiga kwa kuwa ulimdanganya fundi, ukamdanganya mama, ukasema utabeba halafu haukubeba. Baba aliingia akanishika mkono.

"Uache," alisema.

"Umemuua Mwita!"

"Uache, mwanangu. Haujafanya kitu."

Nilimchukia kwa hilo. Nilimchukia baba yangu muda mrefu kwa sababu alimtetea muuaji mbele yangu.

Nadhani ni hasira hiyo iliyonipeleka kusomea kompyuta, si mapenzi. Nilitaka kujua kwa nini kitu kinakubali kisha kinashindwa. Chuoni, siku moja ya kawaida, mwalimu alituonyesha prosesa ya zamani akasema ile miguu imepakwa dhahabu ili umeme upite vizuri, na kwamba adui yake mbaya ni zebaki, maana huila dhahabu, na kikibaki kitone kimoja kati ya miguu miwili kinapitisha umeme mahali usipotakiwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliona sahani, kitambaa, uzi wa kushonea. Niliona kidole gumba cha fundi. Ubao ulikuwa mzima. Ubao ungebeba. Kaka yangu alijua, na alichagua kushuka shimoni kuliko kumwacha baba ajue amefanya nini kwa mikono yake. Nililia kwa uchungu ambao hata msibani sikuupata, maana msibani nilikuwa na wa kumchukia.

Sikumwambia mtu. Mama alikwisha kututangulia. Baba nilimhamishia Nyamisangura karibu na hospitali, kwenye chumba chenye dirisha, na kila likizo nilikwenda kumlisha, kwa kuwa kijiko hakikufika tena mdomoni mwake bila kumwagika. Alikuwa haongei sana. Mchana mmoja nilikuwa namnywesha uji, akaushika mkono wangu ukiwa na kikombe.

"Wewe umesomea hizi mashine," alisema taratibu, kwa ulimi wake mzito. "Nikuulize kitu."

"Uliza, baba."

"Ule ubao wa Mwita. Kweli ulishindwa?"

Nje kulikuwa na watu wanapita kwenda sokoni. Nilimtazama machoni, nikamfuta uji kidevuni.

"Ulishindwa, baba. Ulikuwa wa bei nafuu."

Alitikisa kichwa polepole, kama anayehesabu watu waliomjibu hivyo. "Na Mwita alisema hivyohivyo," alisema. "Na fundi naye, huku zebaki iko chini ya kidole chake, nami naiona." Akauachia mkono wangu. "Mama yenu aliwalea vizuri sana."

Kisha akageukia ukutani, akakataa uji.